Maneno gani yaruhusiwe kwenye mchezo wa herufi wa Kiswahili? Orodha inaleta ugomvi

MtunzaOrodha

Wakuu, naomba ushauri wa wanaoyajua mambo haya kwa undani.

Mchezo una sehemu mbili. Ya kwanza ni kukisia neno la siku lenye herufi tano, nafasi sita. Ya pili ni ubao wa miraba 15 kwa 15, wachezaji wawili, kila mmoja na kete saba za herufi. Sehemu zote mbili zinasoma faili moja la maneno, lililopatikana kwa kuchanganya vidahizo vya kamusi (maneno yanayoorodheshwa na kupewa maana) na maneno yaliyokusanywa kwenye habari za mtandaoni.

Malalamiko yanayojirudia:

"Epesi" lilitoka kama neno la siku, watu wakauliza nani husema "epesi" hivi hivi. "Asome" linapokelewa, "apike" linakataliwa, kwa sababu moja lilikuwemo kwenye habari na jingine halikuwemo. "Ng'ombe" linapita kwenye simu fulani, kwenye nyingine halipiti. "Ruksa" ndilo limezua mabishano marefu kuliko yote, kuna kundi linalotaka "ruhusa" peke yake. Halafu kuna matusi yaliyopenya kwa kuwa yalinukuliwa kwenye habari.

Nifuate kamusi ipi? Nani awe na kauli ya mwisho? Na neno likibishaniwa mechi ikiendelea, mfumo ufanye nini?

---

KeteSaba

Mkuu, kabla hujafikiria kamusi, livunje hilo faili. Mchezo wa kukisia unahitaji orodha mbili: ya majibu, na ya makisio yanayopokelewa. Wordle ya Josh Wardle, mchezo wa Kiingereza wa kukisia neno la siku, ilipofunguliwa kwa umma mwaka 2021 ilikuwa na majibu 2,315, na mengine 10,657 ambayo mchezaji aliweza kuyaandika lakini yasingetokea kuwa jibu. Majibu yalichujwa kwa njia nyepesi kabisa: mwenzi wa mtengenezaji aliyapitia maneno ya herufi tano, yakabaki aliyoyajua. Hakuna kamati wala fomula, na bado mgawanyo ule ulifanya kazi. Mchezaji hajali neno geni likipokelewa. Analojali ni kupoteza siku yake kwa jibu ambalo hajawahi kulisikia, au kuandika neno analolijua akaambiwa halipo. Majibu yawe machache na ya kawaida, makisio yawe mapana.

Ubao nao uwe na orodha ya tatu, nitaeleza kwa nini.

Sasa kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (1981, kisha matoleo ya 2004 na 2013) na Kamusi Kuu ya BAKITA ya 2015 zote ni msingi mzuri, lakini hakuna hata moja iliyoandikwa iwe orodha ya mchezo. Kidahizo na neno linaloweza kusimama peke yake ni vitu viwili, na kwa Kiswahili pengo lililopo kati yao ni pana. Hapo ndipo "epesi" ilipotokea. Kivumishi huingizwa kamusini kama shina lenye kistari mbele: -epesi, -eusi, -zuri, -refu. Programu iliyofuta vistari imekuachia "epesi", "eusi", "zuri" na "refu". Mawili ya mwisho yana bahati, kwa sababu katika ngeli ya li-ya hayaongezi kitu: jina zuri, jina refu. Yanayoanza kwa irabu hayana umbo hilo. Ni jina jepesi, jambo jeusi. Kwa hiyo "epesi" na "eusi" hayafai kuwa jibu, wala kisio, wala mchezo wa ubaoni.

Usijaribu kutibu kwa kubandika viambishi kwa mashine bila kanuni za irabu, utazalisha "kiepesi" na "maeusi". Kwa shina la irabu andika maumbo kamili kwa mkono. Ni kumi tu: mweusi, weusi, myeusi, jeusi, meusi, cheusi, vyeusi, nyeusi, peusi, kweusi. Vivumishi vya aina hiyo si vingi, kazi ya jioni moja. Kwa shina la konsonanti angalia ngeli ya i-zi: -zuri hutoa nzuri, lakini -refu hutoa ndefu, na -kubwa haibadiliki.

Mtego wa pili ni vitenzi vya silabi moja. Kamusi ina "nywa", lakini hakuna anayeamrisha "nywa!", husemwa "kunywa!". Linganisha na "pika", ambalo ni kidahizo na papo hapo ni amri kamili. Ukiandika kanuni kuwa "kila kidahizo kinaruhusiwa", "nywa" inapita. Ukiandika "kila neno linaloweza kusimama peke yake", haipiti. Zote mbili ni kanuni halali. Chagua moja uitangaze, maana ugomvi hutokea pale ambapo mfumo unafuata ya kwanza na wachezaji wanadhani unafuata ya pili.

Wa tatu, na ndio mkubwa: vitenzi vilivyonyambuliwa. Chukua kitenzi kimoja. Viambishi vya kiima (mtenda) vinavyotofautiana kwa maandishi ni kama 14 (ni, u, a, tu, m, wa, i, li, ya, ki, vi, zi, pa, ku). Chukua njeo (nyakati) nne tu: na, li, ta, me. Ongeza yambwa (mtendwa) 14, ikiwemo ji, pamoja na nafasi ya kutokuwa na yambwa, jumla 15. Hapo una 14 × 4 × 15 = 840, kabla ya kukanusha, kabla ya o-rejeshi, kabla ya kutendea, kutendwa na kutendesha. Mengine hayana maana ("ninanipika"), lakini hata ukikata nusu bado ni kitenzi kimoja tu hicho. Faili lililookotwa kwenye habari litakuwa na sehemu ndogo ya maumbo hayo, tena bila mpangilio. Ndiyo maana asome ndiyo, apike hapana. Ama uyaruhusu yote kwa kanuni, ama uyazuie yote kwa kanuni. Katikati hapakaliki.

Kwa mchezo wa herufi tano, ushauri wangu ni kuyazuia kabisa kwenye majibu. Tazama "soma" peke yake linavyozaa maneno ya herufi tano: asoma, asome, usome, isome, msome, somwa, somea. Saba. Mchezaji akishapata SOME nafasi nne za mwisho, amebaki na asome, usome, isome, msome, yote yanatofautiana kwa herufi moja ya mwanzo, na hakuna akili inayosaidia hapo, ni kubahatisha. Wenye Wordle nao hawatoi jibu ambalo ni wingi wa kawaida wa -s, kwa sababu hiyo hiyo: umbo linalojitengeneza lenyewe linafurika orodha na kuharibu nafasi ya mwisho.

Kwenye makisio mambo ni tofauti. Pokea maumbo yote hayo ya vitenzi. Mtu akiandika "apike" kutafuta kama kuna P na K, hamuumizi mtu.

---

herufi_ndogo

Naongezea upande wa msimbo, kwa kuwa suala la "ng'ombe" si la kamusi hata kidogo.

Ritifaa, ile alama iliyo kwenye ng', ina sura tatu zinazofanana machoni na zisizofanana kwenye kompyuta: iliyonyooka (U+0027), iliyopinda (U+2019), na ile ya herufi (U+02BC). Simu nyingi hugeuza iliyonyooka kuwa iliyopinda kimyakimya wakati wa kuandika. Faili lako lina moja, kibodi ya mchezaji inatuma nyingine, neno linakataliwa. Dawa: geuza zote tatu kuwa U+0027 mahali pawili, wakati wa kutengeneza faili na wakati wa kupokea neno. Ukifanya upande mmoja tu hujafanya kitu.

Wengine watakushauri uifute ritifaa kabisa. Usifanye. "Ng'oa" na "ngoa" ni maneno mawili, la kwanza ni la kung'oa jino, la pili ni lile la kulia ngoa. Ukifuta, umeyaunganisha, na mabishano mapya yameanza.

Kisha kuna kuhesabu. "Ng'oa" ina herufi ngapi? Ukihesabu alama zinazobonyezwa ni tano. Ukiacha ritifaa ni nne. Ukihesabu sauti, ng' ikiwa moja, ni tatu. Na kwa hesabu hiyo ya sauti "ng'ombe" ni neno la tano, "shule" na "nyota" ni ya nne. Lazima uchague hesabu moja kabla hujachuja maneno ya herufi tano, maana orodha nzima inabadilika.

Kwa neno la siku, njia inayoleta malalamiko machache ni kisanduku kimoja kwa herufi moja, na kuweka kitufe cha pekee cha G' kwenye kibodi ya mchezo, tofauti na G. Ng'oa inakuwa N, G', O, A, visanduku vinne, haigongani na ngoa. Mchezaji haguswi na suala la ritifaa kwa sababu haiandiki mwenyewe.

Kwa ubao hali ni nyingine, kwa sababu kete ni chache na kete iliyokufa inaumiza. C ya Kiswahili haina kazi bila H. Ukiweka kete ya C, mchezaji asiye na H amebeba jiwe. Scrabble, mchezo maarufu wa kuunda maneno ubaoni, kwa Kihispania ina kete za CH, LL na RR, na hairuhusu kuunga C na H kutengeneza CH. Ya Kiwelisi ina DD, FF, LL, NG, RH na TH kama kete moja moja. Mtu atakujibu kwamba basi na SH, NY, TH, DH, GH na KH ziwe kete moja. Mimi siungi mkono. S, H, N, Y, T, D, G na K zote zina kazi zenyewe, ziache zichanganyike, mchezo unapata uhai. C na ritifaa ndizo zisizo na maisha binafsi. Kwa hiyo kete moja ya CH, kete moja ya NG', na C peke yake isiwepo. Q na X hazina mahali.

Unapogawa neno kuwa kete, tafuta kirefu kwanza: ng', kisha ch, kisha herufi moja moja. Ukianza na herufi moja, ng' haitaonekana kamwe.

Angalizo dogo la herufi kubwa na ndogo: usitumie ugeuzaji unaofuata lugha ya simu. Simu iliyowekwa Kituruki hugeuza i ndogo kuwa İ yenye nukta, na "kiti" inakuwa "KİTİ", neno lisilopo popote kwenye faili. Lazimisha ugeuzaji usiotegemea lugha.

Kuhusu neno kubishaniwa mechi ikiendelea: kila faili liwe na namba ya toleo, na kila mechi iandike namba hiyo inapoanza. Mechi iliyoanza na toleo la 14 inamalizika na toleo la 14, hata kama la 15 limetoka dakika hiyo hiyo. Bila hivyo neno lililokubaliwa zamu ya tatu linaweza kukataliwa zamu ya tisa, kwenye ubao ule ule.

Na majibu ya siku yakae kwenye seva, yasikae ndani ya kivinjari. Mei 2022 jibu la Wordle lilikuwa "fetus", neno lililopangwa mwaka uliotangulia, likaangukia wakati mjadala wa utoaji mimba umepamba moto Marekani. New York Times, walioununua mchezo Januari mwaka ule, wakalibadilisha kuwa "shine". Lakini orodha ilikuwa tayari imehifadhiwa kwenye vivinjari vya watu, na ambao hawakuwa wamepakia upya ukurasa wakapata lile la zamani. Siku moja, majibu mawili, na mchezo wote raha yake ni kwamba kila mtu ana jibu moja. Hata ukiwa na seva, usiguse jibu la leo wala la kesho: tarehe moja ya kalenda huanza upande mmoja wa dunia saa 26 kabla ya kuanza upande wa mwisho, kwa hiyo kwako "kesho" kuna mtu keshaicheza.

---

Mwamuzi_wa_Ubao

Wenzangu wamegusa orodha, mimi niguse upinzani, kwa sababu ugomvi mwingi wa ubaoni hautokani na neno, unatokana na adhabu.

Michezo mingi ya mtandaoni hukataa neno lisilo kwenye orodha kabla halijawekwa, bila adhabu. Hilo linaonekana la upole, lakini linazaa uvuvi: mchezaji anapanga kete zake ovyo mara ishirini mpaka mfumo ukubali, bila kulijua neno. Mpinzani wake anaona neno la ajabu limetua, anaandika malalamiko kwako kwamba orodha ni mbovu. Orodha haina kosa.

Kwa mechi za kirafiki acha hivyo, ila weka kikomo cha majaribio, tuseme matatu kwa zamu. Kwa ligi, ruhusu neno lolote litue, na mpinzani awe na haki ya kulipinga kabla hajacheza. Neno likiwa batili, kete zinarudi na zamu imepotea. Likiwa halali, aliyepinga alipe. Kiasi ndicho hubadilisha tabia: Amerika ya Kaskazini aliyepinga vibaya hupoteza zamu yake nzima, na hiyo inawapa wachezaji hamu ya kudanganya kwa neno la kubuni wakijua mwenzao ataogopa. Mashindano mengi ya Scrabble yanayotumia orodha ya maneno ya Collins hutoza pointi 5 tu kwa neno. Kwa jamii inayoanza, chagua 5. Watu wajifunze kupinga bila hofu, na wewe utapata takwimu nzuri: maneno yanayopingwa mara nyingi ndiyo ya kuyaangalia kwanza.

Ujumbe wa kukataa nao uchangamshwe akili kidogo. "Si neno" ni tusi kwa anayelijua. Weka majibu matatu tofauti: halimo kwenye orodha, umbo hili haliruhusiwi na kanuni (hapo taja kanuni: jina la pekee, shina la kivumishi, kitenzi chenye kiima), na neno hili halichezwi hapa. La tatu ni kwa matusi.

Kuhusu matusi, hakuna njia itakayowaridhisha wote, hilo lijue mapema. Miaka ya 1990 kamusi ya wachezaji wa Scrabble Marekani ilisafishwa baada ya malalamiko ya umma, washindani wakapinga, na mwisho wakapewa orodha yao ya mashindano isiyosafishwa. Mwaka 2020 chama cha wachezaji cha Amerika ya Kaskazini chenyewe kikaondoa zaidi ya maneno 200 ya kudhalilisha watu, na mwaka uliofuata Mattel, wenye haki za mchezo sehemu nyingine za dunia, wakaondoa takriban 400. Hoja za pande zote zilikuwa zile zile. Upande mmoja: ubaoni neno ni pointi, halina maana. Upande wa pili: anayekaa mbele ya neno hilo ni mtu, na maana anaiona.

Utaratibu unaotekelezeka ni huu. Kwenye majibu ya siku ondoa kwa ukarimu: matusi, majina ya kubeza kabila, dini au ulemavu, na hata maneno ya msiba na ukatili, kwa sababu jibu ni wewe unayemwambia mtu. Kwenye ubao ondoa tu neno ambalo kazi yake ya kwanza ni kudhalilisha kundi la watu. "Punda" ni mnyama, libaki, hata kama watu hutukanana kwalo. Majina ya viungo vya mwili yaliyomo kamusini nayo yabaki, la sivyo utaanza kupima kila neno kwa aibu ya mtu mmoja mmoja. Na usifute kimyakimya. Tangaza tarehe na toleo. Si lazima uchapishe orodha ya matusi yenyewe, inatosha mtu akiliandika aone ule ujumbe wa tatu.

Rufaa: fomu moja, sehemu nne. Neno, maana yake, aina yake (na kama ni nomino, ngeli na wingi wake), na mahali lilipochapishwa mara mbili na waandishi tofauti. Hiyo sehemu ya wingi ndiyo kichujio kikali. Anayebuni neno hukwama hapo. Watu watatu waamue, mmoja wao asiwe mchezaji wa ligi. Maombi yakusanywe, uamuzi utoke mara mbili kwa mwaka, pamoja na toleo jipya. Ukijibu rufaa kila siku utageuka mahakama.

---

MtunzaOrodha

Nashukuru sana wakuu. Mengi yamenyooka. Yamebaki mawili. "Ruksa", pamoja na ndugu zake wote wenye tahajia mbili. Na ubao: nizuie vitenzi vyenye kiima na njeo, au niviruhusu? KeteSaba aliahidi kueleza.

---

KeteSaba

Ruksa kwanza, ni rahisi. Kanuni ya muungano: neno likiwa katika kamusi yoyote kati ya mbili ulizozitangaza, linaruhusiwa. Usitumie kanuni ya makutano, yaani lazima liwe katika zote mbili, kwa sababu kamusi mojawapo ikisahau neno la kawaida, limekufa kwako pia. Kwa hiyo ruhusa na ruksa, asante na ahsante, yote yanacheza. Anayeona moja ni sanifu zaidi ana haki ya kulitumia hilo. Kwenye majibu ya siku weka tahajia moja tu ya kila jozi, ile inayotumika zaidi. Kupima matumizi, Helsinki Corpus of Swahili, mkusanyo wa matini za Kiswahili, toleo la 2.0 ina takriban maneno milioni 25, ila kumbuka sehemu kubwa ni habari na kumbukumbu za bunge. "Waziri" litaonekana maarufu kuliko "kijiko". Tumia takwimu zake kupanga, kisha jicho la mtu lichuje.

Lugha ya mitaani: kama haimo kamusini, ipitie fomu ya rufaa. Majina ya siku na miezi huandikwa kwa herufi kubwa, Jumatatu, Januari, kwa hiyo kanuni ya jina la pekee inayazuia. Na ukinakili kanuni za Scrabble usinakili ile ya kukataa maneno yenye ritifaa. Iliandikwa kwa ajili ya Kiingereza, ambako ritifaa ni ya ufupisho. Kwetu ni sehemu ya herufi.

Sasa ubao. Zuia. Ruhusu vidahizo vinavyosimama peke yake, wingi wa nomino, vivumishi vyenye upatanisho, amri ya mmoja na ya wengi (soma, someni), kitenzi-jina (kusoma), na minyambuliko ambayo kamusi imeiorodhesha. Mahali pa -ni (mezani) ruhusu kwa nomino zote zisizo za watu wala wanyama. Zuia kiima pamoja na njeo. Sababu ni ubao wenyewe: ukiruhusu viima, karibu kila kitenzi kilichopo mezani kinapokea a-, wa-, tu-, ni-, ki- mbele yake, na mchezo unakuwa wa kubandika viambishi kwenye kazi ya mwenzako.

---

kidahizo

Hapo kwenye vitenzi napingana na KeteSaba. Kuzuia "anapika" huku ukiruhusu "pikika" ni kuwaambia wasemaji kwamba neno wanalolitumia kila saa si neno, na lile la kamusini tu ndilo neno. Kiswahili ni lugha ya viambishi. Mchezo unaovikwepa umekwepa utamu wake.

Inawezekana kiufundi. Usiorodheshe maumbo, andika kichanganuzi, yaani programu inayokagua muundo wa neno: kiambishi kipokeane na kiambishi kwa mpangilio, kiima, njeo, yambwa, mzizi, mnyambuliko, irabu ya mwisho. Vitenzi vya silabi moja vihifadhi ku penye na, li, ta na me (anakunywa), na kuidondosha penye yambwa (anainywa). Vitenzi vya asili ya Kiarabu kama samehe na jibu visibadilishwe irabu ya mwisho. Kwa nafsi ya kwanza na ya pili, zuia yambwa ya nafsi ile ile ya kiima, hivyo "ninanipika" haipiti, "ninajipika" inapita. Ule wasiwasi wa kubandika unatibika kwa alama: aliyebandika kiambishi kwenye kitenzi kilichokwisha kuwepo apate pointi za kete alizoweka tu, asipate za neno zima.

Usichukue kamusi ya kusahihisha tahajia ukaifanya kichanganuzi. Zile zimejengwa ili zisimsumbue mwandishi, kwa hiyo hupokea mengi kuliko inavyofaa mchezoni, na kila moja ina leseni yake ya kusomwa kabla hujaiingiza kwenye programu yako.

---

KeteSaba

Kanuni ya pointi za kete alizoweka tu ni nzuri, sikuifikiria. Bado tatizo ni mabishano: kichanganuzi kikikosea, mchezaji hana mahali pa kwenda kuhakiki. Orodha unaweza kuifungua na kutafuta. Kwa ligi mimi nabaki na orodha. Kwa kirafiki, weka kichanganuzi kama mtindo wa pili wenye jina lake, watu wachague kabla ya mechi. Scrabble ya Kiingereza imeishi miaka mingi na orodha mbili: ile ya Amerika ya Kaskazini ya 2018 ina maneno zaidi ya 192,000, ya Collins ya 2019 zaidi ya 279,000. Watu huambiana tu "tunacheza ipi" na kuanza.

---

herufi_ndogo

Mkuu MtunzaOrodha, ukitaka pa kuanzia wiki hii: toa kwenye majibu kila neno lililotoka kwenye habari na halimo kamusini, toa mashina yote yaliyokuwa na kistari, na sawazisha ritifaa pande zote mbili. Kisha andika faili dogo la majaribio lenye safu mbili, yanayopaswa kupita (ng'oa kwa sura zote tatu za ritifaa, ngoa, ruksa, jepesi, someni) na yanayopaswa kugonga mwamba (epesi, eusi, maeusi, Januari, na nywa kama umechagua kanuni ya kusimama peke yake). Liendeshe kila unapotoa toleo. Neno lolote jipya litakalobishaniwa, liongeze humo siku hiyo hiyo, hata kabla kamati haijakaa, likiwa na alama ya "linasubiri".